Pawasaplai Tatu za Wati 850 kwa Kompyuta ya Michezo: Focus GX-850, RM850x na RM850e

Mtu anayejiundia kompyuta ya michezo kwa kawaida huanza na kadi ya grafiki, hufuatisha prosesa, kisha hutafuta kasha linalompendeza, na bajeti inapokaribia kwisha ndipo hukumbuka pawasaplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaotumiwa na kompyuta. Utaratibu huo una hatari, kwa sababu pawasaplai ndiyo inayolisha kila kilichomo ndani ya kasha, na ikifa vibaya huweza kuondoka na ubao mama, diski, na hata ile kadi iliyomeza sehemu kubwa ya bajeti. Katika tathmini hii ninazipima pawasaplai tatu zinazotajwa mara nyingi: Seasonic Focus GX-850, Corsair RM850x na Corsair RM850e. Zote ni za wati 850, zote hubeba daraja la dhahabu la ufanisi (kipimo cha umeme wa ukutani unaofika kwenye kompyuta bila kupotea kama joto), na zote zina kebo zinazochomoka. Anayetazama maandishi makubwa ya boksi peke yake hataona sababu ya kuchukua moja na kuiacha nyingine. Sababu zipo, lakini zimo katika maandishi madogo, na nyingine hazikuandikwa kabisa.

Nianze na wati, kwa kuwa ndizo zinazowasumbua wanunuzi wengi. Chukua mashine yenye prosesa ya AMD Ryzen 7 7800X3D na kadi ya GeForce RTX 5070 Ti. Prosesa hiyo hutangazwa kuwa ya wati 120, ingawa kikomo cha umeme kinachoruhusiwa kupita katika soketi yake ni wati 162, na wakati wa mchezo huwa inatumia chini sana ya hapo. Kadi imepangiwa wati 300. Ukiongeza ubao mama, kumbukumbu, diski, feni na pampu ya kupozea kwa maji, utakuwa umeongeza wati 60 hadi 80 hivi. Jumla haifiki wati 550, hata kama kila sehemu ingesukumwa hadi mwisho kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra mchezo kulifanya. Pamoja na hayo, Nvidia hupendekeza pawasaplai ya wati 750 kwa kadi hiyo. Wako wanaoliona pendekezo hilo kuwa ni njama ya kuuza vitu vikubwa kuliko inavyohitajika. Mimi siamini hivyo. Mtengenezaji wa kadi hajui mnunuzi ataiunganisha na prosesa gani, wala hajui ubora wa pawasaplai itakayoilisha, na zaidi ya yote anajua jambo ambalo hesabu ya kujumlisha wati hailioneshi.

Jambo lenyewe ni kwamba kadi ya grafiki haivuti umeme kwa mwendo mmoja. Wati 300 ni wastani. Ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, kadi huweza kuruka hadi karibu maradufu ya wastani huo, kisha ikashuka, kisha ikaruka tena, kadiri picha zinavyochorwa. Kipimo cha umeme kinachochomekwa ukutani hakioni miruko hiyo, kwa sababu kinasoma polepole mno. Saketi za ulinzi ndani ya pawasaplai huiona, na zikiwa zimepangwa kwa kikomo cha karibu mno huifasiri kuwa ni hitilafu, zikakata umeme wote. Mchezaji huona skrini ikizimika ghafla katikati ya pambano na mashine ikijiwasha upya, ilhali majaribio ya mzigo wa kudumu huvuka saa nzima bila tatizo. Wengi huilaumu programu ya kuendeshea kadi, hufuta na kusakinisha mfumo mzima upya, hubadilisha kumbukumbu, na hali inabaki ileile. Dalili hii ilijulikana sana katika kizazi cha kadi za RTX 3080 na 3090, na imewapotezea watu muda mwingi sana.

Kwa ajili hiyo Intel, ambayo ndiyo hutunza mwongozo wa ATX unaoeleza jinsi pawasaplai za kompyuta zinavyopaswa kuwa, ilitoa toleo la ATX 3.0 mwaka 2022. Toleo hilo huitaka pawasaplai inayolisha kadi za kisasa kwa plagi mpya ya pini 16 iweze kustahimili mruko wa asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Kwa pawasaplai ya wati 850, maana yake ni kustahimili wati 1,700 kwa kitambo hicho kifupi bila kuzima na bila volti kuyumba kupita mipaka. Mwaka 2023 likafuata toleo la ATX 3.1. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo cha kwanza cha kutazamwa leo, kabla ya nembo ya dhahabu, na kwa baadhi ya mashine hata kabla ya idadi ya wati.

Hapa ndipo jina RM850x linapohitaji uangalifu. Corsair imelitumia jina hilo tangu mwaka 2015, ikaibadilisha bidhaa yenyewe mwaka 2018, ikaibadilisha tena mwaka 2021 na mwaka 2024. Toleo la 2021 lilikuwa zuri mno kwa wakati wake, lenye feni ya milimita 135 inayozunguka juu ya beringi ya sumaku, lakini lilitangulia mwongozo wa ATX 3.0. Toleo la 2024 limejengwa kwa ATX 3.1. Anayeagiza RM850x bila kutazama mwaka wa toleo huweza kupokea yoyote kati ya hizo, na bado muuzaji akawa hajadanganya. Focus GX-850 nayo ina matoleo kadhaa chini ya jina hilohilo, kwa hiyo onyo ni lile lile. Hakikisha maandishi ATX 3.0 au ATX 3.1 yapo juu ya boksi au katika ukurasa wa bidhaa, na usiridhike na jina peke yake.

Kigezo cha pili ni lebo iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai, ambayo naisihi kila mnunuzi aisome kabla ya kulipa. Pawasaplai hutoa umeme kwa njia za volti tofauti, na prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kutoka njia ya volti 12. Volti 5 na volti 3.3 hubaki kwa ajili ya milango ya USB, diski na shughuli nyingine ndogondogo. Lebo ya Focus GX-850 huonesha ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) 70 katika volti 12, yaani wati 840 kati ya 850 zinapatikana pale zinapohitajika, huku volti 5 na 3.3 zikigawana wati 100 tu. Huo ni mpangilio wa kisasa. Zipo pawasaplai za bei ya chini zinazoandikwa wati 600 kwa herufi nene, lakini lebo zake zikisomwa vizuri huonesha ampea 30 tu katika volti 12, yaani wati 360, na zilizosalia zimetajwa katika volti ambazo kompyuta ya michezo haizihitaji kwa kiasi hicho. Mahesabu ni mepesi: zidisha ampea za volti 12 kwa 12. Jibu likiwa mbali na wati zilizotangazwa, irudishe rafuni.

Sasa nembo ya dhahabu. Mpango wa 80 PLUS, unaotoa nembo hiyo, ulianza mwaka 2004, na daraja la dhahabu katika umeme wa volti 115 huitaka pawasaplai ifikie ufanisi wa asilimia 87 ikibeba asilimia 20 ya mzigo, asilimia 90 ikibeba nusu, na asilimia 87 ikibeba mzigo wote. Daraja la shaba hutaka 82, 85 na 82. Tuseme kompyuta inahitaji wati 400. Yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati 444 hivi na kugeuza 44 kuwa joto. Yenye asilimia 85 itavuta takriban 471 na kugeuza 71 kuwa joto. Tofauti ni wati 27. Si kubwa katika bili ya umeme ya mtu anayecheza saa chache jioni, lakini joto hilo hubaki ndani ya sanduku dogo la chuma lenye kapasita (vijenzi vinavyohifadhi umeme), na joto ndilo adui mkuu wa kapasita. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wa kapasita mara mbili hivi. Kwa hiyo ufanisi una thamani yake.

Tatizo ni kwamba nembo hiyo imebebeshwa maana isiyo yake. Haisemi lolote kuhusu utulivu wa volti, ambao ATX huuwekea mipaka. Haisemi lolote kuhusu mawimbi madogo yanayobaki juu ya umeme ulionyooshwa, ambayo kikomo chake katika volti 12 ni milivolti 120, na ambayo pawasaplai nzuri huyashusha hadi sehemu ndogo tu ya kikomo hicho. Haisemi kama ulinzi dhidi ya shoti, dhidi ya volti kupanda na dhidi ya joto kali unafanya kazi kweli au umeandikwa tu. Wala haisemi kelele. Ndiyo sababu nafurahi kuona watengenezaji wengi zaidi wakipeleka bidhaa zao kwa wapimaji wa Cybenetics, ambao hupima ufanisi katika viwango vingi vya mzigo na kutoa daraja la pili, lililo tofauti, kwa ajili ya kelele. Ukitafuta ripoti zao, utaona pawasaplai mbili za dhahabu zikiwa zimeachana mbali sana katika kelele.

Ulinganisho unaonifundisha zaidi ni ule wa ndugu wawili wa Corsair, RM850x na RM850e. Kampuni moja, wati zilezile, daraja lilelile. Lakini RM850x ina dhamana ya miaka 10, na RM850e ina ya miaka 7. Miaka hiyo mitatu haikupunguzwa kwa bahati mbaya. RM850e hutumia feni ya milimita 120 yenye beringi ya mfereji, ambayo ni ya daraja la chini kuliko beringi ya sumaku iliyokuwa katika RM850x ya 2021 au beringi ya majimaji iliyo katika Focus GX-850, na feni ndiyo sehemu pekee inayosogea, kwa hiyo ndiyo huchakaa mapema. Corsair hutangaza kwamba kapasita za RM850x ni za Kijapani na zinahimili nyuzi 105. Kwa RM850e hutaja nyuzi 105 na kuishia hapo. Hakuna udanganyifu hapo, na RM850e si kitu kibaya. Ninachosema ni kwamba dhamana ndiyo taarifa ya kweli kuliko zote zilizo juu ya boksi, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mtengenezaji atailipia iwapo ameikosea. Mhandisi anayejua kilichomo ndani ndiye aliyeshauri miaka saba badala ya kumi, na mnunuzi ana haki ya kuusikiliza ushauri huo. Seasonic nao huipa Focus GX-850 miaka 10.

Nije kwenye plagi, ambayo imezua hofu nyingi na sehemu ya hofu hiyo ni ya haki. Plagi ya zamani ya pini 8 hupewa wati 150, ambazo ni ampea 12.5 zikigawanywa kwa pini tatu za volti 12, yaani ampea 4 na kidogo kwa kila pini, wakati pini hizo zina uwezo wa kubeba karibu maradufu ya hapo. Plagi mpya ya pini 16, iliyokuja na jina 12VHPWR, huruhusiwa kubeba wati 600. Hizo ni ampea 50 kwa pini sita, yaani ampea 8.3 kwa kila pini, na uwezo wa pini hauzidi sana ampea 9. Ziada ya usalama iliyokuwa kubwa imekuwa nyembamba. Baada ya RTX 4090 kutoka Oktoba 2022, ikiwa na wati 450, zilienea picha za plagi zilizoyeyuka, na uchunguzi ulionesha kwamba mara nyingi plagi haikuwa imesukumwa hadi mwisho. Marekebisho yalikuja kwa jina 12V-2x6, ambamo pini nne za ishara katika soketi zilifupishwa ili plagi isiyoingia vizuri isiruhusu kadi kuvuta umeme mwingi. Kebo yenyewe haikubadilika, hivyo aliye na kebo ya awali anaweza kuitumia katika soketi mpya.

Ushauri wangu hapa ni wa msisitizo. Tumia kebo iliyotoka ndani ya boksi la pawasaplai yako, wala usitumie kigeuzi chenye matawi (kinachounganisha kebo kadhaa za pini 8 kwenye plagi moja) kama unaweza kukiepuka. Isukume plagi hadi usione upenyo wowote kati yake na soketi, na usiikunje kebo ndani ya takriban sentimita 3 na nusu za mwanzo. Ukuta wa kioo wa kasha jembamba ndio huilazimisha kebo kujikunja, kwa hiyo pima nafasi hiyo kabla ya kununua kasha. Kwa kadi ya wati 300 mzigo wa kila pini ni nusu ya ule wa juu kabisa, na hofu ipungue kwa kiasi hichohicho. Kwa RTX 5090, yenye wati 575, tahadhari hizi ni za lazima.

Kuna kosa jingine la kebo ambalo nalo huharibu vitu, na halizungumzwi vya kutosha. Upande wa kebo unaoingia kwenye ubao mama, diski au kadi umesanifiwa kwa wote, lakini upande unaoingia kwenye pawasaplai hauna kiwango cha pamoja. Kebo ya kampuni moja inaweza kuchomekeka vizuri kabisa katika pawasaplai ya kampuni nyingine, na volti 12 zikaenda mahali diski ilipotarajia volti 5. Diski hufa papo hapo, pamoja na mafaili yote ya mwenyewe. Hata pawasaplai mbili za kampuni moja haziaminiki kuwa na mpangilio mmoja hadi jedwali la mtengenezaji liseme hivyo. Anayebadilisha pawasaplai ya zamani aziondoe kebo zote za zamani, hata zile ambazo zimepangwa vizuri nyuma ya kasha na inauma kuzichomoa.

Kuhusu ukubwa, Focus GX-850 na RM850e zina kina cha milimita 140, na RM850x ya 2021 ina milimita 160. Katika kasha lenye kizimba cha diski mbele ya pawasaplai, sentimita hizo mbili ndizo huamua kama kebo zitapata pa kupita. Kuhusu kelele, zote tatu huweza kusimamisha feni mzigo unapokuwa mdogo, na Focus GX ina kitufe cha nyuma cha kuzuia hilo, ambacho nakipendekeza kwa mtu mwenye chumba cha joto.

Umeme unaokatikakatika nao una neno lake. Pawasaplai hushikilia volti kwa milisekunde chache umeme wa ukutani unapopotea, kwa akiba iliyo katika kapasita kubwa ya ndani, kama mtungi unaoendelea kutoa maji kidogo baada ya bomba kukauka. Mzigo ukiwa mdogo, akiba hiyo hudumu zaidi, na hii ni sababu nyingine ya kutochagua pawasaplai inayolingana kabisa na mahitaji. Anayetumia UPS (kifaa cha betri ya akiba) ahakikishe inatoa wimbi laini, kwa sababu baadhi ya UPS rahisi hutoa wimbi la ngazi ambalo pawasaplai za kisasa zenye saketi ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme wa ukutani (PFC) huweza kulikataa, na kompyuta ikazimika wakati uleule betri ilipotakiwa kuiokoa.

Kwa mashine niliyoieleza, yenye 7800X3D na RTX 5070 Ti, ningechukua Focus GX-850 ya ATX 3.0 au 3.1. Ufupi wake unaingia karibu kila kasha, dhamana yake ni ya miaka 10, na feni yake ni ya kuaminika. RM850x ya 2024 ni sawa nayo kwa heshima, na mwenye kasha pana anayetaka ukimya zaidi hatakosea akiichagua. RM850e ningempa mtu mwenye RTX 5070 ya wati 250, anayejua kwamba ataijenga mashine upya kabla ya miaka saba kwisha. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu ningeiunganisha na RTX 5090 pamoja na prosesa ya Intel Core i9-14900K, kwa kuwa viwili hivyo peke yake huweza kufikia wati 828, na Nvidia hutaka wati 1,000 kwa kadi hiyo. Mwenye RTX 5060, ambayo hutumia wati 145 tu, hana haja ya wati 850 hata kidogo: Nvidia humtaka wati 550, na tofauti ya gharama akiitumia kupata dhamana ndefu na ampea za kweli katika volti 12, pawasaplai hiyo ndogo itailisha vizuri kadi hiyo na hata itakayofuata, mradi nayo isizidi wati 200 hivi.